Harusi ya Simu na Wake wa Picha

Hapa Nyarugusu harusi ya simu haishangazi mtu tena. Bwana arusi yuko Marekani, bibi arusi yuko zoni ya pili, na katikati yao kuna simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Wazee wa upande wa mume wameleta posa, mahari imehesabiwa, sehemu kwa pesa na sehemu kwa ahadi ya mbuzi. Mchungaji ameuliza maswali yake, jibu la bibi arusi limetoka hapo hapo, la bwana arusi limetoka Texas likiwa limechelewa sekunde tatu sababu ya mtandao. Vigelegele. Wali. Halafu bwana arusi anaaga mapema, maana kwake ni saa kumi za usiku na kukipambazuka anaingia zamu kiwandani.

Mimi nafanya kazi na vijana kwenye kituo chetu, kwa hiyo harusi za namna hiyo nimezihudhuria nyingi, na mara kadhaa ndo mimi niliyeombwa kushika simu. Baada ya wali kuisha huanza kusubiri viza ya mke. Hapo ndipo watu wengi wanagongana na sentensi moja ambayo hakuna aliyewaambia kabla ya mahari kulipwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, ambayo inatumika mpaka leo pamoja na viraka vyake vyote, inasema hivi kwa maneno ya kawaida: hahesabiwi kuwa mume au mke yule ambaye siku ya kufunga ndoa hakuwa pamoja na mwenzake, ana kwa ana, isipokuwa kama baada ya harusi hiyo wamekutana kimwili kama mume na mke. Basi. Haiulizi mahari, haiulizi cheti cha kanisa, haiulizi kama mna watu mia mbili walioshuhudia.

Shuleni hapa kambini, mpaka nikafanya Ekzeta, historia niliyofundishwa ilikuwa ya Leopold, ya Lumumba na ya Mobutu. Historia ya fomu hakuna aliyenifundisha. Nimeitafuta mwenyewe pole pole, sababu nilichoka kusikia eti "ndivyo sheria ilivyo", kama vile sheria ni mvua inayonyesha tu. Sentensi hii ina umri, ina mahali ilipozaliwa, na ina watu waliolengwa nayo. Waliolengwa walikuwa wanawake wa Japani.

Mwisho wa karne ya 19 vijana wa Kijapani walianza kwenda Hawaii kukata miwa, na wengine California kulima. Wengi walikuwa wanaume peke yao. Mwaka 1907 na 1908 serikali mbili zikaelewana: Japani isitoe tena pasipoti kwa vibarua wapya wa kwenda Marekani, ila wake, watoto na wazazi wa waliokwisha kukaa kule waruhusiwe. Sasa fikiria wewe ni kijana wa miaka thelathini, uko shambani California, hujaoa. Nauli ya kurudi kutafuta mchumba ni akiba ya miaka. Na ukirudi unaweza kukamatwa uingizwe jeshini. Lakini mke anaruhusiwa kuja. Utafanyaje?

Walifanya kama sisi. Waliandika barua nyumbani, wazazi wakaita mshenga, mshenga akabeba picha ya kijana kuipeleka kwa wazazi wa binti na picha ya binti ikavuka bahari kwenda kwa kijana. Wakikubaliana, jina la binti lilihamishwa kutoka kwenye daftari la familia ya baba yake likaandikwa kwenye daftari la familia ya mume. Kwa sheria ya Japani hapo tayari ni ndoa kamili, hata kama bwana hayupo. Nikisoma hapo nakumbuka kwetu Fizi: wazee wamekaa, mali imetoka, binti amesindikizwa, nani atasema hakuna ndoa? Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 yenyewe inaitambua ndoa ya mila, inachotaka ni mwende mkaiandikishe.

Kisha safari ya meli. Wanawake hao walishuka Honolulu na San Francisco wameshika picha mkononi, wanatazama nyuso za wanaume waliopanga mstari gatini, wanalinganisha. Kuna waliokuta picha ilipigwa miaka kumi iliyopita. Kuna waliokuta picha ni ya rafiki mwenye sura nzuri. Mtacheka, lakini nani hapa kambini hajaona picha ya ndugu ameegemea gari la jirani yake? Wachache walikataa wakarudi. Wengi walibaki, maana nauli ya kurudi hawakuwa nayo, wakaingia shambani kesho yake. Waliitwa wake wa picha.

Maafisa wa uhamiaji wa Marekani, miaka ile ya mwanzo, hawakuitambua ndoa ya daftari. Waliwapanga wanandoa pale pale bandarini, jozi kadhaa kwa mpigo, wakafungishwa ndoa upya kwa mtindo wa Kimarekani ndipo wakaruhusiwa kutoka. Harusi mbili kwa ndoa moja. Kwa maoni yangu huo ulikuwa usumbufu, lakini ulikuwa usumbufu wenye mlango: unapita, unakwenda nyumbani na mumeo.

Mlango wenyewe ulifungwa kwa sababu ya ardhi. California ilikuwa imetunga sheria mwaka 1913 kwamba mgeni asiyeruhusiwa kuwa raia hawezi kumiliki shamba. Wajapani walikuwa hawaruhusiwi; uraia wa kuomba ulikuwa wa weupe na, tangu 1870, wa watu wenye asili ya Afrika. Lakini mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia kwa kuzaliwa. Kwa hiyo kila mke aliyeshuka melini alimaanisha watoto, na watoto walimaanisha shamba kuandikwa jina la mtoto. Wanasiasa waliiona hesabu hiyo haraka. Seneta James D. Phelan alifanya kampeni ya 1920 kwa kauli ya kuitaka California ibaki ya weupe, na wake wa picha walikuwa katikati ya maneno yake. Japani, ikitaka kupoza mambo, iliacha kuwapa pasipoti wanawake hao kuanzia Machi 1920. Phelan mwenyewe alishindwa uchaguzi mwaka huo huo. Haikusaidia kitu. Mei 1924 ikaja sheria mpya ya uhamiaji, ikawafungia Wajapani karibu wote, na kwenye sehemu ya kueleza maana ya maneno wakaandika kwamba "mke" na "mume" haimaanishi mtu aliyeoana kwa wakala au kwa picha. Neno picha liko ndani ya sheria kabisa. Mwaka 1952, sheria ilipoandikwa upya, neno picha likaondolewa na ikabaki hiyo habari ya kuwa pamoja ana kwa ana. Ndo hiyo inayotukuta sisi na simu zetu.

Niseme wazi, mimi si mtetezi wa harusi ya simu. Nimewahi kuona binti wa miaka kumi na sita anaitwa ndani aongee na mwanaume asiyemjua, wajomba wamekaa pembeni wanangoja neno lake. Sisi wa kituo tulikwenda kwa viongozi wa zoni na jambo likasimamishwa. Waliotunga sheria ya 1924 nao walisema wanawaonea huruma wanawake, eti wanauzwa kwa picha. Lakini itazame sentensi yenyewe. Haiulizi binti ana umri gani. Haiulizi kama amekubali. Mtu akimlazimisha binti ana kwa ana, sentensi hii imeridhika. Wawili wanaopendana tangu shule ya msingi wakifunga ndoa kwa simu, imekataa. Huruma gani hiyo?

Sheria hiyo hiyo ya 1924 ilikuwa na upande mwingine. Ilisema mke wa raia wa Marekani aingie bila kuhesabiwa kwenye idadi iliyowekwa kwa kila nchi. Ni mke, sikilizeni vizuri. Mwanamke raia aliyetaka kumleta mume wake hakupewa nafasi hiyo. Usawa kamili kati ya mume na mke kwenye jambo hili ulikuja 1952. Mama zetu waliotangulia kwenda na wanaoita waume zao leo wanapita kwenye mlango ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa wanaume tu.

Na hata ukikubaliwa kuwa ndoa yako ni ya aina inayotakiwa, inabidi uonyeshe kweli ipo. Hili nalo lina historia, na safari hii ni ya Wachina. Tangu 1882 vibarua wa Kichina walizuiwa kuingia Marekani. Wafanyabiashara waliruhusiwa, na mwaka 1900 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakubali kwamba wake zao nao wanaweza kuwafuata. Lakini mke wa mfanyabiashara utamjuaje? Vyeti vya vijijini China havikuwepo, au havikuaminiwa. Na mwaka 1906 tetemeko la ardhi na moto viliteketeza kumbukumbu za serikali San Francisco, hivyo hata upande wa Marekani karatasi zikawa majivu. Sisi tuliokimbia nyumba zikiungua tunaelewa hali hiyo bila kuelezwa.

Jibu lao lilikuwa maswali. Kuanzia 1910 mpaka 1940, kwenye kisiwa cha Angel Island, ndani ya ghuba ya San Francisco, kila aliyesema ana mume au baba Marekani alihojiwa na maafisa na mkalimani, na mume naye akahojiwa peke yake, kisha majibu yakalinganishwa. Nyumba yenu kijijini mlango unaangalia wapi? Ngazi ni ngapi? Pipa la mchele linakaa wapi? Nani anaishi nyumba ya tatu ya mstari wa pili? Mke akisema ngazi tano na mume aliyeondoka miaka minane iliyopita akisema nne, kesi imeingia doa. Watu walizuiliwa kisiwani kwa wiki, wengine kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Ndipo vikatokea vijitabu vya majibu, mtu anakariri melini kisha anakitupa baharini kabla ya kufika. Wengine walikuwa si ndugu kweli, wamenunua jina. Wengine walikuwa mke halisi wa mume halisi na walikariri vile vile, sababu ukweli peke yake haukutosha kufanana.

Wasomaji wetu wa mashirika naomba wasikunje uso hapa. Kila mtu kambini anajua kwamba watu hufanya mazoezi kabla ya usaili. Anayekuuliza usiku wa harusi mlikula nini anadhani kumbukumbu ya watu wawili waliooana ni moja. Mimi na kaka yangu tulikula sahani moja miaka kumi na tano, na mpaka leo hatukubaliani paa la nyumba yetu ya kwanza lilikuwa la nyasi au la hema.

Siku hizi kuna kipimo cha DNA, na watu wanafikiri kimemaliza ubishi. Mwaka 2008 Marekani ilijaribu kipimo hicho Nairobi kwa wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wakiwafuata ndugu zao, kisha ikaendelea nacho kwenye nchi nyingine za Afrika. Familia nyingi hazikuthibitika, zikiwemo zile zilizokataa kupimwa au hazikutokea, na mpango mzima wa kuunganisha familia kwa njia hiyo ukasimamishwa mwaka huo. Ulirudi 2012, kipimo kikiwa sharti kwa mzazi na mtoto. Ulaghai ulikuwepo, sikatai. Lakini mtoto wa marehemu dada uliyemlea tangu ananyonya, kipimo kitasema nini? Na kwa mume na mke hakuna kipimo kabisa. Mate hayaonyeshi ndoa. Kwa hiyo wanandoa wanabaki na yale maswali ya kisiwani.

Kuna wakati mlango ulifunguliwa kwa kasi, na ni vizuri tujue ulifunguliwa na nani. Tarehe 28 Desemba 1945, vita vikiwa vimeisha, Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wake, waume na watoto wa askari wake waingie nje ya idadi zilizowekwa. Mwezi mmoja tu baadaye meli iitwayo Argentina iliondoka Southampton, Uingereza, na ilipofika New York tarehe 4 Februari 1946 ilikuwa na wake zaidi ya mia nne. Serikali ndiyo iliyogharamia safari. Kumbe ikitaka, inaweza. Lakini siyo kwa kila askari: askari mweusi aliyetaka kuoa mwanamke wa Kiingereza alihitaji kibali cha mkubwa wake, na kibali hicho karibu kila mara kilikataliwa.

Wakati wa vita hivyo hivyo Wamarekani wenyewe walikuwa wakioana kwa simu na kwa wakala, askari yuko mbali, mchumba yuko nyumbani. Jimbo la Montana mpaka leo lina sheria inayoruhusu ndoa ambayo wote wawili hawapo, wanasimamiwa na watu wengine, mradi mmoja wao ni askari aliye kazini au mkazi wa jimbo hilo. Ndani ya nchi yao ndoa ya mbali siyo ajabu. Ajabu inaanza mmoja anapokuwa mgeni anayeomba viza.

Mwaka 2008 sentensi yetu ilimpata mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Askari wa Marines alikuwa Iraki, mchumba wake wa Okinawa alikuwa mjamzito. Julai mwaka huo wakafunga ndoa kwa simu. Agosti askari akauawa. Jeshi lilimtambua mwanamke yule kuwa mjane. Uhamiaji ukakataa: baada ya harusi ya simu hawakukutana tena, na mimba ilitangulia harusi, kwa hiyo haihesabiki. Bunge la Marekani lilibidi litunge sheria maalumu kwa ajili yake, ikatiwa sahihi Desemba 2010. Mwanamke wa Kijapani, miaka 84 baada ya 1924, kwa sentensi iliyoandikwa dhidi ya bibi zake. Sisi hatuna bunge la kututungia sheria mmoja mmoja.

Kwa wakimbizi sheria kubwa ni ya Machi 1980. Ilisema mke au mume na watoto wa mkimbizi aliyepokelewa Marekani wanaweza kwenda pamoja naye au kumfuata. Ni sheria nzuri. Ila ina mambo mawili ambayo yamewaangusha wengi hapa. La kwanza, ndoa iwe ilikuwepo kabla mkimbizi hajaingia Marekani. La pili, aliyetangulia apeleke maombi ndani ya miaka miwili tangu aingie. Wakati mabasi yalipokuwa yanaondoka hapa kwa wingi, vijana wengi walisafiri kwenye kesi ya wazazi wao kama watoto wasiooa, na mchumba akabaki amekaa kwenye ndoo nje ya mlango. Wakafunga ndoa kwa simu mwaka uliofuata. Kwa njia ya 1980 hao wamechelewa kwa mwaka mmoja, na kwa sentensi ya 1952 hawajaoana. Januari 2025 mpango wa wakimbizi wenyewe ukasimamishwa, na waliokuwa wametimiza yote nao wakarudi kwenye kungoja.

Inabaki njia ya kawaida ya viza ya mke, yule wa kule akishapata karatasi ya ukaazi, na ni bora zaidi akishapata uraia. Mimi si mwanasheria, lakini hili liko wazi: lazima aje. Aje kwa mguu wake, wafunge ndoa wakiwa chumba kimoja, au kama walishafunga kwa simu, waishi pamoja angalau kwa muda aliopo na waweke ushahidi wa safari. Raia anaweza pia kuomba viza ya mchumba, iliyoanzishwa 1970, na hata hiyo inataka wawe wameonana uso kwa uso ndani ya miaka miwili iliyopita. Simu haijai popote. Ningependa mashirika yaliyopo hapa yaliseme hili kwenye mikutano ya zoni, wakati wa posa, siyo baada.

Dada mmoja wa zoni yetu aliolewa kwa simu mwaka 2021. Mumewe sasa ni raia, alipeleka maombi, na barua ikarudi ikiuliza siku ya harusi kila mmoja alikuwa nchi gani. Amekata tiketi ya Desemba. Watafunga ndoa tena, safari hii mbele ya msajili, wamesimama wote wawili. Wazee wamekutana mara tatu juu ya jambo hili. Upande mmoja unasema kufunga tena ni kukubali kwamba miaka yote hii binti alikuwa nyumbani kwa mume bila ndoa, na hiyo ni aibu inayodai faini. Upande wa mume unasema ndoa ni ile ile, hii ya pili ni ya karatasi tu, hawatoi hata kuku. Niliwasimulia habari za Wajapani waliofungishwa ndoa upya bandarini. Wakasikiliza vizuri sana. Halafu baba wa binti akauliza kama hao Wajapani walilipa mahari mara ya pili, na kabla sijajibu akasema mbuzi wawili wa ahadi ya 2021 bado hajawaona, kwa hiyo hesabu ianzie hapo.